Kazi Huja Baadaye

TTTTAGGG. Kisha TTTTAGGG tena. Kisha tena na tena, bila koma wala nukta, mpaka uzi wenyewe unapoishia. Hivyo ndivyo zinavyomalizikia kromosomu za Chlamydomonas reinhardtii, mwani wa kijani wenye seli moja tu, unaoishi katika udongo wenye unyevu na katika maji baridi. T nne, A moja, G tatu. Ukizitafutia ujumbe herufi hizo hutaupata. Haziagizi protini yoyote itengenezwe, hazipangi rangi ya kiumbe wala umbo lake. Lakini ukiziondoa, jeni zilizo nyuma yake zitaanza kumeguka kutoka pembeni, kizazi baada ya kizazi.

Herufi hizi zinatuuliza swali ambalo hatulipendi: kitu kisichosema jambo jipya tukihesabu vipi? Tumezoea kuthamini kilicho cha pekee. Kinachojirudia tunakiita ziada na kukiweka kando. Sayansi nayo ilifanya hivyo kwa miongo mingi, na mwani wa kijani ni miongoni mwa viumbe vinavyoilazimu iangalie upya.

Msomaji wa pwani akisikia mwani huenda akawaza mashamba ya Zanzibar, ambako wanawake hufunga mbegu kwenye kamba maji yanapokupwa. Mwani ule ni wa kundi jekundu. Mwani wa kijani una udugu wa karibu zaidi na mahindi na mwembe kuliko na ule, kwa maana ukoo wake ndio ulioizaa mimea yote ya nchi kavu. Katika ukoo huo, Chlamydomonas ndiye mwanafamilia anayejulikana zaidi maabarani. Aina zake nyingi zinazotumiwa na watafiti duniani zimetokana na udongo wa shamba la viazi uliochukuliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1945. Ni seli yenye upana wa sehemu kama mia moja ya milimita, kloroplasti moja kubwa na mikia miwili ya kuogelea. Wanasayansi waliipenda kwa mikia hiyo na kwa usanisinuru wake. Jeni za mikia zilizochunguzwa humo zilisaidia hata kueleza chanzo cha baadhi ya magonjwa ya figo za binadamu, kwa kuwa seli za figo zetu nazo zina vijinywele vilivyojengwa kwa namna ileile.

Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2007. Leo tunajua kwamba ina kromosomu 17 zenye herufi zipatazo milioni 111. Zikinyooshwa na kuunganishwa ncha kwa ncha, DNA hiyo ingefikia urefu wa karibu sentimita nne, nayo inakaa ndani ya kiini cha seli isiyoonekana kwa macho. Inawezekana kwa sababu uzi huo haukurundikwa ovyo. Kila baada ya hatua fupi umezungushwa kwenye fundo la protini nane ziitwazo histoni, herufi 147 kwa kila fundo, na mafundo hayo nayo yamekunjwa juu ya mengine. Kromosomu, basi, ni maandishi na pia ni mjengo. Nasisitiza neno mjengo, kwa kuwa upungufu mwingi wa fikra zetu ulitokana na kuishughulikia kromosomu kana kwamba ni maandishi matupu.

Tazama jinsi tulivyokuwa tukiisoma. Mashine za wakati ule hazikuweza kusoma kromosomu nzima kwa mara moja. DNA ilikatwakatwa, vipande vya herufi mia kadhaa vikasomwa, kisha kompyuta ikaviunga kwa kutafuta mahali vinapofanana kwenye kingo. Njia hiyo hufaulu pale kila kipande kinapokuwa na sura yake. Vipande mia moja vikiwa na sura moja, kompyuta haiwezi kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, wala kama viko mia moja au mia tatu. Basi huvibana vyote kuwa kimoja, au huacha pengo. Wasomaji wa mashairi yetu wanakijua kishawishi hiki. Jicho likishakutana na kibwagizo katika ubeti wa kwanza, katika ubeti wa pili huruka na kukimbilia mishororo mipya, likidhani limepata yote. Anayeghani mbele ya watu hawezi kuruka, kwa sababu kibwagizo ndipo wote wanapoingilia, na bila hicho beti hubaki maneno ya mtu mmoja. Kwa miaka mingi tulikuwa wasomaji wa jicho. Tulipata jeni zote za maana, na tukaacha mapengo mahali ambapo kromosomu hushikwa na mahali inapoishia.

Dharau ilisaidiwa na majina. Mwaka 1972 Susumu Ohno alieneza fikra kwamba sehemu kubwa ya DNA ni takataka. Mwaka 1980 Leslie Orgel na Francis Crick walieleza kuwa baadhi ya mirudio hiyo ni vimelea: inajinakili kwa faida yake yenyewe, wala haimtumikii kiumbe inamoishi. Hoja hizo hazikuwa za kipuuzi, na nitarudi kwenye nguvu yake. Lakini neno takataka lina tabia ya kumaliza udadisi. Kabla yao Barbara McClintock, aliyekuwa akichunguza mahindi nchini Marekani tangu miaka ya 1920, alikwisha kuonyesha kwamba kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka mahali hadi mahali na kubadilisha rangi za punje. Alipoyaeleza hayo mwaka 1951 wengi hawakujua wayafanyie nini. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983.

Tuanzie pembeni, kwenye ncha. Kimeng'enya kinachonakili DNA hakiwezi kuanza kazi bila kuwekewa kianzio kifupi cha RNA. Kianzio kile kikiondolewa kwenye mwisho kabisa wa uzi, hubaki pengo lisilozibika. Kwa hiyo kila seli inapojigawa, uzi hupungua kidogo. Alexey Olovnikov wa Muungano wa Kisovieti aliliona tatizo hili mwaka 1971, na James Watson akalieleza mwaka uliofuata. Jawabu lilipatikana katika kiumbe kingine cha majini chenye seli moja, Tetrahymena: Elizabeth Blackburn na Carol Greider waligundua kimeng'enya kinachorefusha ncha kwa kuongeza mrudio uleule, na kazi hiyo ikawapatia Nobel ya mwaka 2009 pamoja na Jack Szostak. Kimeng'enya hicho, telomerezi, hubeba ndani yake kiolezo kidogo cha RNA, na kutoka kwenye kiolezo hicho huandika herufi zilezile bila kuchoka. Hapa kujirudia ndiko kunakofanya kazi iwezekane. Kama ncha zingekuwa na ujumbe wa pekee, kila herufi iliyopotea ingekuwa hasara. Kwa kuwa zinajirudia, kinachopotea leo kinaweza kurudishwa kesho na mfanyakazi asiyejua chochote zaidi ya herufi nane.

Ncha za kromosomu zetu sisi binadamu zina TTAGGG. Mimea mingi ina TTTAGGG. Chlamydomonas imeongeza T moja zaidi. Mtu angedhani tofauti hizo ni mipaka ya kale isiyovukwa, kila ukoo na alama yake. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu oda ambayo Chlamydomonas imo ulionyesha jambo la kushangaza: ndani ya oda hiyo moja kuna mwani wenye mrudio wa mimea, mwingine wenye ule wa herufi nane, na mwingine wenye ule unaofanana na wa binadamu. Kitu ambacho seli haiwezi kuishi bila hicho kimebadilishwa herufi zaidi ya mara moja. Kilichodumu ni tendo la kurudia. Herufi zenyewe zinaweza kupokezana.

Ukitoka kwenye ncha na kuingia ndani kidogo, unakutana na mirudio mikubwa zaidi. Mwaka 2021 watafiti waliosoma ncha 34 za Chlamydomonas kwa mashine mpya, zinazoweza kufuata uzi mmoja kwa maelfu ya herufi bila kuukata, walikuta kwamba nyingi kati yake zina msururu wa kipande chenye herufi zaidi ya 800, kikijirudia kimoja nyuma ya kingine. Walikipa jina Sultan. Katika jenomu zilizotangulia, sehemu kama hizi ndizo zilizokuwa zikibanwa au kuachwa wazi.

Lakini kisa kinachonigusa kuliko vyote kiko katikati. Kila kromosomu inahitaji mahali pa kushikwa seli inapojigawa, ili nakala moja ivutwe upande huu na nyingine upande ule. Mahali hapo ni sentromeri. Kromosomu isiyoshikika hupotea, na seli iliyopoteza kromosomu kwa kawaida haina maisha marefu. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba mahali penye dhima nzito namna hiyo pawe na maandishi yaliyotunzwa kwa uangalifu mkubwa, ya asili tukufu. Tazama kinachopatikana.

Katika Antarktika ulichukuliwa mwani mdogo wa kijani ambao leo unaitwa Coccomyxa subellipsoidea, aina C-169. Watafiti wa Japani walipoufanyia kazi miaka ya 1990, ulikuwa bado ukihesabiwa kuwa ni Chlorella. Mwaka 1997 walieleza kipande cha DNA walichokiita Zepp. Ni kihamaji cha aina ya retrotransposoni: hunakiliwa kuwa RNA, RNA hiyo ikarudishwa kuwa DNA, na nakala mpya ikachomekwa mahali pengine huku ile ya kwanza ikibaki pale pale. Sisi wenyewe tunao jamaa zake, L1, wanaochukua takribani asilimia 17 ya jenomu ya binadamu. Ila L1 wetu wametapakaa kila mahali. Zepp ina desturi nyingine. Nakala mpya hupenda kujichomeka ndani ya nakala za zamani, nyingine ndani ya hiyo, na nyingine tena, hata mahali pamoja pakawa rundo la Zepp juu ya Zepp.

Jenomu ya Coccomyxa ilipochapishwa mwaka 2012, ilionekana kwamba marundo hayo hayakukaa ovyo: kila kromosomu ilielekea kuwa na rundo moja. Kisha mwaka 2021 jamaa wa Zepp wakapatikana katika Chlamydomonas, nao wamerundikana vilevile, rundo moja kwa kila kromosomu, katika maeneo yanayolingana na yale ambayo ramani za urithi zilionyesha kuwa ndiko sentromeri ziliko. Koo hizi mbili za mwani zilitengana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Hitimisho ambalo watafiti wanalipendekeza ni kwamba mahali pa kushikia kromosomu pamejengwa kwa kihamaji kisichokuwa na nia nyingine ila kujinakili.

Hapa ndipo fikra yangu ilipogeuka. Mabishano kuhusu DNA inayojirudia kwa kawaida huwa na pande mbili. Mmoja husema: ni takataka, au ni kimelea. Mwingine hujibu: hapana, kila kitu kina kazi, tumeshindwa tu kuigundua. Zepp inazikataa pande zote mbili. Ilikuwa kimelea kwa asili, na kwa tabia ingali hivyo. Haikuja ili kromosomu ishikike. Ilikuja kwa sababu iliweza kujinakili. Lakini kwa kuwa ilikaa, na kwa kuwa ilikaa mahali pale, seli ikazoea kushika pale, na sasa mwani mzima unaitegemea. Kazi haikuwa sababu ya kuja kwake. Kazi ilikuja baadaye.

Wala sitaki tuone kwamba njia hiyo ilikuwa ya lazima. Spirogyra, mwani wa nyuzi za kijani ambao wanafunzi wa sekondari huchora katika madaftari ya biolojia, ulishachunguzwa na M. B. E. Godward huko Uingereza, naye mwaka 1954 akaeleza kwamba kromosomu zake hazina kishikio kimoja: hushikwa sehemu nyingi kwa urefu wake. Maumbile yana zaidi ya namna moja ya kushika uzi. Zepp iliingia katika namna mojawapo, kwa historia yake yenyewe.

Na wala tusivitukuze vihamaji kupita kiasi. Madhara yake ni ya kweli. Mwaka 1988 kilielezwa kihamaji cha Chlamydomonas kiitwacho TOC1. Kilipatikana kikiwa kimejichomeka ndani ya jeni ya protini ambayo bila hiyo seli haiwezi kutoa oksijeni katika usanisinuru. Nakala moja, mahali pabaya, na mwani wa kijani ukawa hauwezi kazi ambayo dunia nzima inauhitaji kwayo. Ndiyo maana seli hukesha. Mwaka 2000 ilielezwa jeni ya Chlamydomonas ambayo ikiharibika, TOC1 na mwenzake Gulliver huamka na kuanza kuhama. Ukimya wa vihamaji, basi, si usingizi wa vitu vilivyokufa. Ni amani inayolindwa kila saa kwa gharama ya seli.

Hata madhara hayo yamewahi kutufundisha. Volvox carteri ni mwani wenye umbo la tufe, una seli za mwili zipatazo 2,000 zinazopiga mikia na kufa, na seli kubwa za uzazi kama 16 zinazobeba kizazi kijacho. Ndani yake kuna kihamaji kiitwacho Jordan, kilichoelezwa mwaka 1993, ambacho baridi hukichochea kuruka. Watafiti walikiacha kiruke, wakachagua mwani ulioharibika, wakaifuata alama ya Jordan mpaka kwenye jeni iliyovunjwa. Kwa njia hiyo mwaka 1999 walifikia jeni iitwayo regA. Inapovunjwa, seli za mwili huacha kazi yao na kujigeuza kuwa seli za uzazi. Moja ya maswali makubwa ya uhai, yaani kwa nini seli ikubali kufa ili nyingine iendelee, lilipata mlango kwa sababu kipande kinachojirudia kiliharibu kitu.

Kiasi cha mirudio nacho kinatofautiana mno, na tofauti hiyo ina somo. Katika wangwa wa Thau, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1994 uligunduliwa Ostreococcus tauri, mwani wa kijani usiofikia hata elfu moja ya milimita. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2006, ina herufi zipatazo milioni 12.6 tu, zimegawanywa katika kromosomu 20, na jeni zake zipatazo 8,000 zimebanana hata nafasi kati yake ni nyembamba. Lakini hata humo vihamaji havikufukuzwa. Vingi vimekusanyika katika kromosomu mbili, ya 2 na ya 19, zisizofanana na nyingine. Ya kwanza imehusishwa na kujamiiana kwa seli, ya pili na namna mwani huo unavyopambana na virusi. Mahali vihamaji vilipo ndipo pia mabadiliko yanapotokea kwa wepesi.

Upande wa pili kuna Penium margaritaceum, mwani mwingine wa seli moja, wa maji baridi, jamaa wa karibu wa mimea ya nchi kavu. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2020, ni kubwa kuliko ya binadamu, na zaidi ya robo tatu yake ni mirudio. Siwezi kuamini kwamba kila herufi katika bahari hiyo ina kazi, na hapa Orgel na Crick wanastahili heshima yao. Viumbe viwili vya seli moja, kimoja kikiwa na jenomu mamia ya mara kuliko ya mwenzake, na vyote vinaishi. Ingekuwa kila mrudio ni wa lazima, Ostreococcus usingekuwepo.

Kwa hiyo swali ambalo tumekuwa tukiliuliza kwanza, kwamba hiki kina faida gani, ndilo linalotupoteza. Linadai kila kitu kijitetee kwa kazi kabla hakijaangaliwa. Maswali yaliyo bora ni mawili, na yanataka subira: kimefikaje hapa, na sasa ni nini kinachokitegemea? Swali la kwanza lina jibu la kihistoria, mara nyingi la kawaida kabisa: kilijinakili, kikaangukia hapa, hakikuondolewa. La pili halijibiwi kwa kutazama asili ya kitu. Ukiitazama Zepp kama nakala moja utaona kimelea. Ukiitazama kromosomu nzima ikivutwa wakati wa kujigawa, utaona kishikio. Yote mawili ni kweli, na ukweli wa pili haukuwepo tangu mwanzo.

Naamini hili linatuhusu zaidi ya maabara, hasa katika jinsi tunavyohukumu mambo tuliyoyarithi. Tunapenda asili iwe safi ndipo tukubali kwamba kitu kina thamani, na tukigundua kwamba kiliingia kwa bahati au kwa mlango wa nyuma tunadhani tumekivua hadhi. Kromosomu ya mwani haifuati hesabu hiyo. Kinachobeba uzito hubeba uzito, hata kama hakikualikwa. Na kinyume chake pia ni kweli: kukaa tu muda mrefu hakumpi mtu wala kitu haki ya kuitwa muhimu. Robo tatu ya Penium imekaa, na huenda sehemu kubwa yake ingetoka bila kukumbukwa. Hakuna njia ya mkato ya kutofautisha. Lazima kila mahali pasomwe.

Hilo linakuwa jambo la vitendo kwetu sasa. Mradi wa Jenomu za Afrika umekusudia kusoma jenomu za spishi zipatazo 105,000 za bara hili. Maziwa yetu, mito yetu na miamba ya pwani yetu vina mwani wa kijani ambao bado haujafunguliwa hata ukurasa mmoja. Fedha zitakuwa chache, na kutakuwa na ushawishi wa kusoma jeni tu, zile zinazoahidi dawa au mafuta au chakula, na kuyaacha mapengo kama yalivyoachwa kwa Chlamydomonas mwaka 2007. Nasema kwa moyo wote kwamba kufanya hivyo ni kurithi upungufu ambao wengine wameshatumia miaka mingi kuuondoa. Mashine za kusoma mirudio zipo. Tukiamua kusoma, tusome kromosomu kutoka ncha hadi ncha, pamoja na yale yanayojirudia, kwa kuwa hatuwezi kujua tukiwa mezani ni mrudio upi uliokwisha kugeuka nguzo.